Kaseti ya mzee haijafa, ni hedi imeinama (soma kabla ya kuuliza)

Kila wiki ni lile lile, mtu ananakili kaseti ya zamani kwenye kompyuta: "Sauti imeziba kama mtu anaongea ndani ya pipa, nitumie programu gani?" Hakuna programu. Sauti ambayo hedi (kile kichwa cha redio kinachosoma mkanda) haikuisoma, kompyuta haitaizaa. Haya, mara ya mwisho.

1. Angalia kile kisponji kilicho nyuma ya mkanda, katikati. Kimeanguka? Hamishia mkanda kwenye ganda jingine la skrubu.

2. Safisha hedi na mpira wa kubana kwa pamba na spiriti. Ngoja ikauke.

3. Zima Dolby (kitufe cha kupunguza ile "shhh") kama kanda haikurekodiwa nayo.

4. Tega hedi. Taratibu hapa. Redio iliyorekodi ikiwa hedi yake iliinama kidogo, yako lazima iiname vile vile, la sivyo "s", "sh" na kayamba vyote vinapotea. Hedi ina skrubu mbili. Ya kugusa ni ile yenye springi chini yake, mara nyingi imefungwa kwa rangi. KABLA ya kugusa, chora alama kwenye skrubu na kwenye bati. Mimi sikuchora: kaseti moja ikafunguka, nyingine zote zikaziba. Bisibisi isiwe na sumaku. Ikigusa hedi, ile "shhh" inaongezeka na kanda zinafifia kila unapozicheza. Weka mono, vaa hedfoni, zungusha moja ya nane ya mzunguko, sikiliza. Mono ni kwa sababu njia mbili za hedi, kushoto na kulia, zisipokwenda pamoja, zikichanganywa sauti nyembamba zinauana, kwa hiyo kosa unalisikia upesi. "S" zitafunguka, zitafika kilele, zitaanza kufifia. Rudi kwenye kilele. Upande B tega upya.

5. Laini auti ya redio hadi laini ini ya kompyuta, si tundu la maikrofoni. WAV, 48 kHz, biti 24, kilele kisipite -6 dB. Kusafisha ni baadaye, kwenye nakala.

6. Rudisha skrubu kwenye alama.

MASWALI

Wa Kondele: Nimezungusha, sasa kaseti zote zimeziba. Saidia haraka!
– Alama yako iko wapi? Kama hukuchora, tafuta kaseti iliyotoka kiwandani, si ya kunakili, utege kwa hiyo.

Wa Njoro: Petroli si inasafisha vizuri kuliko spiriti?
– Inakula mpira. Hatua ya 2, soma.

Wa Bondo: Samahani mkubwa. Baba alirekodi VOK (Sauti ya Kenya) usiku, mwaka 1983, masafa ya kati. Baada ya kutega hedi kumetokea filimbi nyembamba isiyokatika. Nimeharibu?
– Hapana ndugu yangu, umetega vizuri sana! Tangu Novemba 1978 vituo vya masafa ya kati huku kwetu vinaachana kwa kHz 9. Usiku mawimbi ya kituo cha mbali yanagonga anga ya juu na kurudi chini, yanakutana na ya jirani yake ndani ya redio, na tofauti yao ndiyo hiyo filimbi. Usiikate bado, ni rula ya bure. Ipime kwenye programu: ikisoma Hz 9,180 badala ya 9,000 (yaani kHz 9), mwendo umezidi kwa asilimia 2. Rekebisha mwendo kwanza, ndipo uikate kwa kichujio chembamba.

Wa Bondo: Imesoma 8,870!
– Basi inakwenda polepole, asilimia 1.4 hivi. Ongeza mwendo, utamsikia mtangazaji na sauti yake halisi.

Wa Milimani: Yangu, wimbo unasikika kwa mbali sekunde mbili kabla haujaanza. Mwangwi?
– Mkanda ukikaa umejiviringa miaka mingi, tabaka moja linaacha kivuli kwenye la jirani. C90 (ya dakika 90) ni nyembamba kuliko C60, C120 ndiyo mbaya kabisa. Ipeleke mbele na nyuma mara mbili tatu kabla ya kurekodi. Inapungua, haiishi.

Wa Dunga: Na unga mweupe kwenye mkanda?
– Ukungu, huo unyevu wa ziwa. Usiicheze omera, itachafua hedi na kuambukiza nyingine. Itenge, iache pakavu, kisha uipitishe polepole kwa mkono juu ya kitambaa kikavu. Nje, na ufunike pua.