Jinsi ya kupanga kila shimo la gofu kabla hujapiga: kwa wenye handikapu (mikwaju ya nafuu unayopewa kulingana na uwezo wako) 18 kwenda juu

Juzi kati nilikuwa namsaidia dada mmoja anayejiandaa na mashindano ya kampuni yao pale uwanja wa gofu wa Lugalo, Dar. Swingi yake nzuri tu, mpira unatoka safi, ila kila akirudi kadi ya matokeo imejaa mashimo ya mikwaju 8 na 9. Tukakaa chini na daftari, swingi hatukuigusa kabisa, tukapanga mashimo tu. Nimeona niweke hapa njia yote maana Dar wapo wengi wenye shida hiyo hiyo na wanaambiwa waende renji (uwanja wa mazoezi) wakapige mipira mpaka mikono iote sugu, wakati kinachowaumiza ni maamuzi.

Hatua ya 1: Kadi, daftari, penseli

Chukua kadi ya uwanja siku moja kabla. Daftari liwe dogo la kuingia mfuko wa nyuma. Programu za simu zipo na ni nzuri kwa umbali, ila kwa kupanga mi nasimama na karatasi, simu ukiitoa kwenye tii (pale pa kuanzia shimo) unakutana na meseji za kazini na akili yote inahama.

Hatua ya 2: Tafuta paa YAKO, achana na ya kwenye kadi

Hapa ndo watu wanajiumiza. Kadi imeandikwa paa 4, yani mikwaju 4 anayotarajiwa mchezaji mahiri kumaliza shimo, mtu ana handikapu 24, anataka afike grini (zile nyasi fupi penye shimo na bendera) kwa mikwaju miwili kama profesheno. Nani kakwambia?

Angalia safu ya indeksi, ile namba ya 1 mpaka 18 inayoonyesha ugumu wa shimo. Ukiwa na handikapu ya uwanja 24 unapewa mkwaju mmoja kila shimo, hapo 18 zimeisha, zinabaki 6 zinazoenda kwenye mashimo yenye indeksi 1 hadi 6. Kwa hiyo paa 4 yenye indeksi 5 kwako ni 6. Sita! Andika 6 kwa penseli pembeni ya lile shimo na usiliangalie tena kama paa 4.

Sasa gawanya. Shimo ni mita 360, wewe una mikwaju 6, toa puti 2 (mikwaju ya kusukuma mpira ukiwa kwenye grini), imebaki 4 ya kufika grini. 360 kwa 4 ni mita 90. Yani shimo gumu kuliko karibu yote uwanjani linakudai mipira minne ya mita 90, kitu ambacho unakipiga hata ukiwa umechoka. Sisemi upige tisini tisini kweli, nasema uone ulivyo na nafasi, ili dreva, ile fimbo ya kupiga mbali kuliko zote, isikuite bila sababu. Paa 5 ya mita 480 yenye indeksi 9, kwako ni 6, toa puti 2, mikwaju minne ya 120. Fanya hivyo mashimo yote 18, ni kazi ya nusu saa ukiwa unakunywa chai.

Hatua ya 3: Umbali wa kweli wa fimbo zako

Umbali ninaoutaka ni mpaka pale mpira unapotua, kubiringika usihesabu, na uwe wa kawaida yako, ule mmoja wa Krismasi iliyopita uusahau. Piga aironi 7 (fimbo ya umbali wa kati) mipira kumi, tupa miwili mirefu zaidi na miwili mifupi zaidi, chukua wastani wa iliyobaki.

Mambo matatu ya kuangalia. Kwanza mita na yadi. Kadi inaweza kuwa kwa mita halafu kifaa chako cha kupimia kimesetiwa yadi, na yadi 150 ni mita 137 tu, hiyo tofauti ni fimbo nzima. Angalia seting kabla hujatoka nyumbani. Pili, kama umejifunzia Arusha, kule uko mita kama 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali zaidi kwa takribani asilimia tano. Ile 140 yako ya Arusha huku pwani ihesabu 133. Tatu, majira. Januari na Februari ardhi imekauka mpira unabiringika weee, masika mwezi wa nne unatua na kulala palepale, kwa hiyo namba za tii shoti (mkwaju wa kwanza wa shimo) ziandike mbili, kavu na mvua.

Hatua ya 4: Anzia grini urudi nyuma

Shimo linapangwa kuanzia mwisho. Jiulize hivi: mkwaju wa kuingia grini nataka niupige kutoka wapi na kwa fimbo gani? Ukishapata jibu, rudi nyuma mkwaju mmoja, halafu mwingine, mpaka ufike tii. Ndo utagundua kwamba mashimo mengi tii shoti haihitaji dreva. Mi kwa mtu wa handikapu 20 na kitu namwambia abebe haibridi au wudi 5, fimbo fupi na rahisi kuliko dreva, na dreva aitoe kwenye mashimo mapana tu yasiyo na vigingi vya hatari.

Lenga katikati ya grini siku zote, bendera iwe mbele, nyuma, kona, haikuhusu.

Hatua ya 5: Chagua upande wa kukosea (hapa tulia, ndo penye kila kitu)

Mpira wako hautaenda unapolenga. Wa maprofesheno wenyewe hauendi. Kwa hiyo kabla hujachagua pa kulenga chagua pa kukosea, na ili uchague lazima ujue matatizo hayalingani bei.

Ghali kuliko yote ni vigingi vyeupe, yani nje ya uwanja, pamoja na mpira uliopotea. Unaongeza mkwaju mmoja halafu unarudi ulipopigia, ina maana uko tii pale pale unapiga wa tatu. Vigingi vyekundu, alama za eneo la adhabu, mara nyingi maji, ni nafuu sana ukilinganisha: mkwaju mmoja wa adhabu, lakini unadondosha mpira ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka pale ulipovukia mara ya mwisho, usisogelee shimo. Kwa hiyo umbali uliosafiri unabaki nao. Vya njano, navyo vya eneo la adhabu, ni vibaya kuliko vyekundu maana ile nafuu ya pembeni haipo, unarudi ulipopigia au unakwenda nyuma kwa mstari wa bendera na pale ulipovukia. Miti inakugharimu mkwaju mmoja wa kutoka, ILA ukubali kutoka kwa pembeni, ukitaka kupenyeza kwenye uwazi wa sentimita thelathini hesabu miwili mpaka mitatu. Banka (shimo la mchanga) ya pembeni ya grini kwa handikapu 24 hesabu nusu mkwaju. Mbele ya grini kwenye nyasi fupi ni bure.

Basi ukiwa na vyeupe kushoto na vyekundu kulia, unakosea kulia, na unakosea kwa makusudi. Watu hawaamini nikiwaambia wakae upande wa maji lakini hesabu ndo hiyo.

Sasa tahadhari zake, na ni nyingi, zisome zote.

Usilenge kwenye tatizo ukitegemea mpira utakata na kurudi. Wengi wetu wanaopiga mkono wa kulia mpira unakatia kulia. Kama wako unakata mita 20, lenga mahali ambapo ukinyooka uko salama na ukikata uko salama. Mfano feawei (njia ya nyasi zilizokatwa kutoka tii mpaka grini) ina upana wa mita 30, kushoto rafu (nyasi ndefu) nyepesi, kulia vyeupe: lenga ukingo wa kushoto wa feawei. Ukinyooka upo kwenye rafu au ukingoni, ukikata upo katikati. Ukilenga katikati, ile siku unakata mita 30 badala ya 20 umeshaondoka.

Tii yenyewe ina upande. Tatizo likiwa kulia chomeka mpira wako upande wa kulia wa tii ili upige ukilikimbia. Na unaruhusiwa kurudi nyuma mpaka urefu wa fimbo mbili kutoka kwenye alama, sio lazima ung'ang'anie pale mstarini penye mashimo ya watu wote.

Mpira ukielekea kubaya, kwenye vyeupe au kwenye kichaka ambako unaweza kupotea, piga wa akiba HAPO HAPO, na useme kwa sauti "napiga provizheno". Usiposema, ule wa pili ndo unakuwa mpira wako halali na wa kwanza hata ukiukuta umelala vizuri katikati ya feawei haukusaidii kitu. Muda wa kutafuta ni dakika 3, zamani ilikuwa 5, imebadilika tangu 2019 na bado kuna wazee wanabisha.

Soma ubao wa matangazo wa klabu kabla ya kuanza. Baadhi ya klabu zinatumia kanuni ya ndani inayokuruhusu, kwa mpira uliopotea au uliotoka nje, kudondosha mbele karibu na feawei kwa mikwaju 2 ya adhabu badala ya kurudi tii. Inaokoa muda sana. Lakini ukishapiga provizheno hiyo njia kwa ule mpira wa kwanza imefungwa, kwa hiyo amua mapema.

Ukiwa umenasa kwenye mizizi au kichaka unaweza kuutangaza hauchezeki popote pale isipokuwa ndani ya eneo la adhabu: mkwaju mmoja, fimbo mbili pembeni, au nyuma kwa mstari, au urudi ulipopigia. Mkwaju mmoja wa heshima ni bora kuliko mitatu ya hasira.

Halafu kwenye grini kuna upande wa kukosea pia. Bendera ikiwa kulia karibu na banka ya kulia, ukikosea kulia huna nafasi ya mpira kutua na kubiringika, unatakiwa uunyanyue juu na uusimamishe hapo hapo, mkwaju mgumu huo. Ukikosea kushoto una grini nzima mbele yako, unachipu (mkwaju mfupi wa chini) kawaida. Andika kwenye daftari kila grini herufi moja tu: K, kushoto, L, kulia, M, mbele. Grini ambayo nyuma ndo upande mzuri karibu hamna.

Kunguru wa Dar mnawajua. Akibeba mpira wako na mmeona au kuna uhakika karibu wote kwamba ni yeye, hamna adhabu, unarudisha mpira mwingine palepale ulipokuwa, au mnapokadiria.

Hatua ya 6: Upepo

Kaskazi, kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 3 hivi, unatoka kaskazini mashariki. Kusi, kama mwezi wa 4 mpaka wa 10, unatoka kusini mashariki. Kwa hiyo shimo lilelile la uwanja wa Gymkhana hapa Dar, ulio jirani kabisa na bahari, mwezi wa 1 na mwezi wa 7 ni mashimo mawili tofauti. Chora mshale kwenye kila shimo kwa majira uliyopo. Asubuhi huwa kumetulia, mchana upepo wa bahari unaamka, ukiweza chukua muda wa mapema.

Upepo wa mbele unakula umbali zaidi kuliko wa nyuma unavyokuongezea. Ukiwa wa mbele ongeza fimbo moja au mbili (yani chukua inayopiga mbali zaidi) na upige taratibu, ukipiga kwa nguvu mpira unazunguka zaidi, unapanda juu na kukufia.

Hatua ya 7: Paa 3

Fimbo moja zaidi ya unavyofikiri. Basi.

Hatua ya 8: Puti

Ukiwa mbali na shimo kazi yako ni umbali, mstari baadaye. Kama grini ni ya nyasi za bemuda angalia nyasi zimelalia wapi: zikionekana zinang'aa zimelala kuelekea unakopiga, mpira utakimbia, zikionekana kiza zinakuja kwako, ongeza nguvu kidogo. Muulize kedi. Kedi wa uwanja ule anaziona hizo grini kila siku, mtu anamlipa abebe begi halafu hamuulizi kitu, inaniuma sana.

Hatua ya 9: Shimo likiharibika

Kwenye stablefodi, mchezo wa kuhesabu pointi, ukipiga paa yako unapata pointi 2, ukizidisha mmoja pointi 1, ukizidisha miwili ni sifuri. Kwa lile shimo letu la mikwaju 6, ukishafika mikwaju 7 na mpira bado haujaingia okota, weka mfukoni, tembea. Kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju huruhusiwi kuokota, lazima umalizie, ila kwa hesabu ya handikapu shimo lako hilo linakatwa kwenye 8 (paa yako 6 jumlisha 2), kwa hiyo hakuna haja ya kupaniki.

Ukimaliza raundi, kabla hujavua viatu, weka alama kwenye daftari kila shimo ulilokiuka mpango na lilikugharimu mikwaju mingapi. Yule dada alipofanya hivyo tukakuta karibu mikwaju yote ya ziada imetoka kwenye mashimo manne tu, yote yana vyeupe kulia na yote alitoa dreva. Sasa hayo manne anapiga haibridi.