Mwalimu wa Mtwara au Lindi anayekwenda kufundisha nje: jinsi ya kuomba pasipoti na vibali vyake

Nafasi za kufundisha Kiswahili nje ya nchi zimeongezeka. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikakiingiza miongoni mwa lugha zake rasmi mwaka 2019, na mwaka 2021 UNESCO ikakitengea siku yake, tarehe 7 Julai. Walimu wa mikoa yetu miwili wana sifa za kuzijaza nafasi hizo. Wengi wanaokwama hukwamia kwenye karatasi, tena zile zilizoko nyumbani, kabla ubalozi wowote haujaziona. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia nyumbani.

Kwanza majina

Toa vyeti vyako vyote, uvitandaze mezani: cheti cha kuzaliwa, cha darasa la saba, cha kidato cha nne na cha sita, cha ualimu, Kitambulisho cha Taifa, na cheti cha ndoa kama unacho. Soma jina herufi kwa herufi. Huku kwetu mtoto akitoka jandoni au unyagoni mara nyingi hupewa jina jipya, na hilo ndilo analokwenda nalo shule. Kadi ya kliniki inasema Hamisi, cheti cha shule kinasema Selemani, na wote wawili ni wewe. Baba naye pengine aliandikwa kwa jina la babu kwenye karatasi moja na kwa jina la utani kwenye nyingine. Ongeza Mohamedi na Muhamed, Zuhura na Zuhra. Kijijini hakuna anayepotea kwa tofauti hizo. Mezani kwa ofisa wa viza, hao ni watu wawili.

Ushauri wangu ni kuvifanya vyeti vya mitihani kuwa msingi, kisha kurekebisha vingine vifuate. Jina lililokwisha kuchapwa na NECTA, yaani Baraza la Mitihani, ndilo gumu kuliko yote kubadilika, na mara nyingi ndilo lililo kwenye barua yako ya ajira na kwenye mshahara. Taarifa za kitambulisho hurekebishwa katika ofisi ya NIDA ya wilaya yako. Cheti cha kuzaliwa hurekebishwa kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na huduma zake wilayani hupatikana kwa Katibu Tawala wa Wilaya. Tofauti ndogo ya tahajia huweza kuelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu. Ila kama umebadili jina lenyewe, kiapo hakitoshi. Andaa hati ya kubadili jina kwa wakili, isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Fanya hivyo mapema, maana kila hatua inayofuata inasubiri hii.

Angalia na tarehe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Kama hazilingani na cheti cha kuzaliwa, umekwishaona tatizo kabla ya ofisa kuliona.

Cheti cha kuzaliwa, chako na cha mzazi

Waliozaliwa nyumbani, Newala vijijini au ndani ya Liwale, wengi hawakusajiliwa utotoni. Usajili wa mtu mzima upo. Utatakiwa uthibitisho, kama cheti cha kumaliza shule ya msingi, kadi ya kliniki, au cheti cha ubatizo kwa waliobatizwa. Parokia za zamani kama Ndanda huenda zikawa na vitabu vya kumbukumbu ambavyo familia imekwishavisahau, kwa hiyo ulizia. Asiye na ubatizo aanzie kwenye shule aliyosoma na kwa mtendaji wa kijiji.

Uhamiaji wataulizia pia kuzaliwa kwa mzazi wako, kwa sababu pasipoti ni ushahidi wa uraia. Kwa aliyezaliwa Tanzania, sheria ya uraia ya mwaka 1995 inaangalia kama mzazi mmoja angalau ni raia. Hili lina uzito kando ya Ruvuma, ambako ukoo mmoja una watu ng'ambo zote mbili. Kama bibi au baba alivuka kutoka Msumbiji, sema ukweli tangu swali la kwanza na upeleke karatasi zilizopo. Nimeona watu wakificha jambo lisilo na kosa lolote, kisha mahojiano yakawa marefu mara tatu. Mzazi asiye na cheti aapiwe kiapo, au ndugu anayemfahamu aape kama mzazi amefariki.

Pasipoti yenyewe

Maombi hufanywa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Unajaza fomu, unapata namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa shilingi 20,000 za fomu kwa benki au kwa simu, kisha unaichapa. Soma sehemu ya tamko hadi mwisho, na panapodai sahihi na muhuri wa wakili au hakimu usipaache wazi. Picha ziwe ndogo, zenye mandhari ya bluu bahari. Mwambie mpiga picha kabla hajapiga, kwa sababu studio nyingi zimezoea nyeupe.

Kisha unakwenda wewe mwenyewe ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Mtwara mjini au Lindi mjini, kwa mahojiano na alama za vidole. Hapo unalipa shilingi 130,000 zilizobaki, jumla 150,000. Beba nakala na vyeti halisi pamoja. Anayetoka Nanyumbu au Nachingwea kwa nakala peke yake hurudishwa, na nauli imekwenda. Pasipoti ya kawaida ni ya miaka 10. Nchi nyingi hutaka iwe na miezi sita au zaidi iliyobaki.

Kama ni mtumishi wa umma

Hapa ndipo naomba usiharakishe. Mwalimu wa serikali haondoki kwa kumuaga mkuu wa shule peke yake. Mwajiri wako ni halmashauri. Andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji, ipite K.K. (kupitia kwa) mkuu wa shule na Afisa Elimu, ukiomba likizo bila malipo au utaratibu mwingine unaokufaa, na uambatishe barua ya mwaliko au mkataba. Kibali cha mtumishi kusafiri nje huombwa kupitia mfumo wa e-Vibali, na ofisi ya utumishi ya halmashauri itakuelekeza. Usipande basi kabla jibu la maandishi halijafika mkononi. Kukosekana kazini siku tano bila ruhusa ni kosa linaloweza kukufukuzisha, na shauri lake litafika Tume ya Utumishi wa Walimu wakati wewe uko mbali, huna wa kukusemea. Uliza pia, kwa maandishi, michango yako ya PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) na deni la mkopo wa elimu ya juu vitaendeshwaje mshahara ukisimama.

Vyeti vya taaluma na tabia njema

Mwajiri wa nje atataka vyeti vilivyothibitishwa. Vya sekondari na vya ualimu vya daraja A na stashahada, uhakiki unaanzia NECTA. Shahada inaanzia chuoni, kwa aliyesoma Stella Maris hapa Mtwara au kwingineko, na omba nakala ya matokeo iliyofungwa kwenye bahasha na chuo chenyewe. Baadaye hufuata muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi uendako. Muulize mwajiri kwa maandishi anataka mihuri ipi kabla hujaanza kulipia, maana nchi hazifanani. Karatasi za Kiswahili, kama vyeti vya ndoa, hutafsiriwa, na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, hutoa huduma hiyo. Ukiwa huko ulizia pia kujiandikisha katika kanzidata yao ya wataalamu wa Kiswahili.

Cheti cha tabia njema kinatolewa na Jeshi la Polisi baada ya alama za vidole. Usikichukue mapema mno, kwa sababu balozi nyingi hukataa kilichozeeka.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Kadi yake sasa ni ya maisha, itunze ndani ya pasipoti.

Mkataba na viza

Ukipitia kwa wakala, muombe leseni yake, kisha ulizia ofisi ya kazi au TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama wanamtambua. Anayetaka fedha kabla ya kukuonyesha mkataba, achana naye. Katika mkataba tafuta mshahara kwa fedha ya nchi ile, nyumba, bima ya afya, tiketi ya kurudi, na nani anaishika pasipoti. Jibu sahihi ni wewe. Na usikubali kuingia kwa viza ya utalii kwa ahadi kwamba kibali cha kazi "kitafuata". Darasani bila kibali huna wa kumshitaki mshahara usipolipwa.

Balozi nyingi ziko Dar es Salaam. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na barabara yetu ina masika yake. Mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, ilikatika na watu wakalala njiani. Miadi ya viza ikiangukia Machi hadi Mei, tangulia siku kadhaa, ufikie kwa ndugu.

Kabla ya kuondoka andika hati ya uwakilishi kwa wakili, umtaje mtu mmoja na mambo aliyoruhusiwa kufanya kwa jina lako. Mwenye mikorosho afanye hili kabla ya msimu. Malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huingia kwenye akaunti ya benki ya mkulima aliyesajiliwa, kwa hiyo mdogo wako aliyebaki shambani hawezi kuyatoa benki bila karatasi hiyo, hata kama kijiji kizima kinajua korosho ni zenu.