Jinsi ya kuzijua sehemu za ubongo na uti wa mgongo bila kukariri

Hii topiki ya mfumo mkuu wa fahamu wengi tunasomaga kwa kuchora ubongo kwenye daftari na mishale kibao, mtihani ukiisha kichwani hamna kitu. Mi nasema jipime mwenyewe, unahitaji meza, tochi ya simu na mshkaji mmoja basi.

Kwanza ujue mfumo mkuu ni vitu viwili tu, ubongo na uti wa mgongo, na uti hapa ni ile kamba laini inayopita ndani ya pingili, sio mifupa yenyewe. Neva zinazoenda mikononi na miguuni hazihesabiwi humo, na hapo ndo watu wengi wanaachaga maksi.

Anza na goti. Kaa mezani miguu ining'inie, legeza kabisa, afu mshkaji akugonge kwa ubavu wa kiganja chini kidogo ya pia ya goti. Mguu unaruka wenyewe, kwasababu taarifa imefika kwenye uti wa mgongo ikageuzwa hukohuko ikarudi kwenye msuli wa paja, ubongo unakuja kuambiwa mguu ushapiga. Ukigoma usipaniki, mara nyingi unakuwa umekaza, pachika vidole vya mkono huu kwenye vya ule, vuta kwa nguvu kama unataka kuvitenganisha, agonge tena hapohapo.

Sasa mwambie anyooshe kidole mbele yako, we gusa pua yako, gusa kidole chake, pua, kidole, harakaharaka huku anakihamisha. Anayekulengea hapo ni serebelamu, ubongo mdogo ulioko chini kisogoni, kadogo ila seli zake za neva ni nyingi kuliko za ubongo wote uliobaki! Pombe inakavuruga haraka, ndo maana mlevi anayumba na funguo haiingii kwenye kitasa.

Ingieni sehemu yenye giza kidogo, mmulike jicho moja tochi kwa pembeni, sekunde moja inatosha, ila we angalia jicho LINGINE. Mboni yake nayo inasinyaa. Hiyo ni kazi ya shina la ubongo (kale kashina kanakounganisha ubongo na uti wa mgongo), sehemu yake ya juu, na ndicho daktari anachotafuta akifunua kope za mtu aliyezimia. Chini ya hapo kuna medula oblongata, yenyewe inashika kupumua, mapigo ya moyo na presha. Bana pumzi ukiwa umekaa (usijaribu kwenye maji kabisa), unaanza kwa kutaka mwenyewe ila kabonidayoksaidi ikipanda kwenye damu utavuta hewa upende usipende.

Imebaki serebramu, ndo kubwa kuliko zote: nyuma inaona, pembeni karibu na masikio inasikia, mbele inapanga mambo na kukuzuia usimtukane bosi. Upande wa kulia unaendesha mkono wa kushoto, na wa kushoto unaendesha wa kulia. Kuongea kwa watu wengi kuko kushoto, mwaka 1861 huko Paris daktari Paul Broca alifungua ubongo wa marehemu mmoja aliyekuwa anaweza kutamka "tan" tu, akakuta pameharibika mbele upande wa kushoto.

Kwahiyo ukiona mtu ghafla mkono wa kulia umelegea na maneno hayatoki, ushajua pa kufikiria, ubongo upande wa kushoto, na huenda ni kiharusi (stroke). Mwambie atabasamu, anyanyue mikono yote miwili, aseme sentensi moja. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukishuka au maneno yakikorogeka hata kama ni kimoja tu kati ya hivyo, usimpe chakula wala maji, mkimbize hospitali na uandike saa ngapi imeanza, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida inatolewa ndani ya masaa manne na nusu na hilo ndo swali la kwanza utakaloulizwa mlangoni.