Kupanga kidhibiti cha boila za kondensi zikifanya kazi pamoja na boila ya kawaida

Katika mtambo wa namna hii wa kupasha jengo joto, joto la maji yanayorudi kutoka kwenye jengo ndilo linaloamua karibu kila kitu. Moshi wa gesi asilia huanza kutona maji ukipoa chini ya nyuzi 55 hivi za Selsiasi. Boila ya kondensi imeundwa ili hilo litokee ndani yake: mvuke ukigeuka maji huacha joto lake, na ufanisi hupanda kutoka asilimia 80 na kitu hadi kupita 90. Boila ya kawaida, iwe ya chuma cha kusubu au ya bati la chuma, ikitonewa na maji hayo yenye asidi huliwa na kutu, na dohani yake pia. Watengenezaji wengi hutaka maji yanayoingia humo yasipungue nyuzi 60. Kwa hiyo moja inayataka maji baridi, nyingine inayakimbia, na kidhibiti kinachozihesabu kuwa sawa kitaiua moja na kuinyima nyingine faida yake.

Tutumie mfano mmoja mpaka mwisho: boila mbili za kondensi za kW 300 kila moja, na moja ya kawaida ya kW 600 yenye kichomeo cha hatua mbili, yaani nusu ya nguvu kisha nguvu zote. Jengo linahitaji kW 1,200 nje kukiwa nyuzi -10, na halihitaji joto kabisa nje kukifika 18.

Anza na mabomba, kwa sababu hakuna programu inayoweza kuyasahihisha. Kila boila iwe na pampu yake na vali ya kuzuia maji kurudi nyuma, la sivyo maji yatapita ndani ya boila iliyozimwa na kupeleka joto dohani. Boila ya kawaida iwekewe vali ya njia tatu inayochanganya maji yake ya moto na yanayorudi, kabla hayajaingia ndani. Mchanganyiko huo uishie kwenye tawi lake lenyewe, usiguse bomba kuu linalolisha boila za kondensi. Kwa tofauti ya nyuzi 20 kati ya maji yanayokwenda na yanayorudi, kila kW 300 huhitaji lita 3.6 za maji kwa sekunde, hivyo boila kubwa inahitaji lita 7.2. Maji yakirudi na nyuzi 50, na boila hiyo ikitoa 80, theluthi moja ya mtiririko wake lazima izunguke tena ili iingie na 60. Mfumo ukiwa baridi kabisa asubuhi, vali ifunge upande wa jengo mpaka boila ipate joto, kisha ifungue polepole.

Kihisi kikuu kikae kwenye bomba la kwendea, baada ya matawi yote kuungana na maji kuchanganyika vizuri, kwenye kijibomba kilichotiwa mafuta ya kupitisha joto. Kingine kiwe kwenye bomba la kurudia, na kimoja kwenye mlango wa kila boila. Cha nje kikae kwenye ukuta usiopigwa na jua, mbali na dirisha na matundu ya hewa.

Sasa mstari wa joto la nje, yaani unaosema maji yawe moto kiasi gani kwa kila joto la nje. Weka maji ya nyuzi 80 nje kukiwa -10, na 40 nje kukiwa 18. Nje kukifika 4, mzigo ni nusu, yaani kW 600, na maji yanayokwenda ni nyuzi 60. Mtiririko usipobadilika, tofauti nayo hupungua hadi 10, hivyo maji yanarudi na 50. Hapo ndipo mfano wetu unapopendeza: juu ya nyuzi 4 za nje boila za kondensi zinatosha peke yake na zinatona muda wote. Nje kukishuka hadi -3, maji yanarudi na 55 na faida ya kondensi karibu imekwisha. Boila ya kawaida basi haina sababu ya kuwaka mapema, isipokuwa boila ya kondensi imeharibika. Iandike ruhusa hiyo kwenye programu, vinginevyo siku ya hitilafu jengo litapoa huku kW 600 zimelala.

Hatua za kuwasha tunazopendekeza:

1. Boila ya kwanza ya kondensi ianze. Ikipita asilimia 50 ya nguvu zake, washa ya pili, zigawane mzigo sawa. Boila mbili zinazowaka nusu nusu zina ufanisi zaidi kuliko moja inayowaka kwa nguvu zote, kwani moshi unapata nafasi zaidi ya kupoa. Ya pili izimwe tu zote zikikaribia mwako wa chini.
2. Boila ya kawaida iruhusiwe nje kukiwa chini ya nyuzi 5, na ruhusa iondoke kukipita 7.
3. Iwake za kondensi zikikaa juu ya asilimia 90 kwa dakika 15 na maji yakiwa nyuzi 3 chini ya lengo.
4. Izimwe za kondensi zikishuka chini ya asilimia 35 kwa dakika 10.

Hiyo 35 haikuokotwa. Hatua ya kwanza ya boila kubwa inaleta kW 300, na za kondensi papo hapo zinashuka hadi asilimia 50. Ukiandika 60 kama kiwango cha kuzimia, itawaka, itazima, itawaka tena, mpaka kichomeo kichoke. Kama kichomeo ni cha kuwaka au kuzima tu, hesabu hii haifai. Utahitaji tangi la akiba.

Kosa tunaloliona kuliko yote ni zamu. Vidhibiti vingi vina chaguo la kusawazisha saa za kazi, na fundi huliwasha kwa boila zote. Matokeo yake boila ya kawaida inaongoza siku ya joto, na maji ya nyuzi 40 yanaitafuna. Zamu iwe kati ya boila za kondensi pekee.

La pili ni vichwa viwili. Boila ina kidhibiti chake cha ndani; ukiipelekea ishara ya volti 0 hadi 10 kutoka kidhibiti kikuu, amua kama volti hizo ni kiwango cha mwako au joto lengwa, na boila iwekwe kusoma hivyohivyo. Vidhibiti vyote viwili vikifukuza joto lilelile, mwako utapanda na kushuka bila kutulia. Vikomo vya usalama, yaani cha joto la juu, cha maji kupungua na cha mtiririko, viunganishwe moja kwa moja na boila, visipitie kwenye programu.

Usiunganishe boila za kondensi na ya kawaida kwenye dohani moja: moshi wa kondensi una unyevu na mara nyingi husukumwa na feni. Na kama kibadilisha joto cha boila ya kondensi ni cha alumini, pH ya maji isipite 8.5 hivi, hata kama chuma cha boila ya kawaida kingependa zaidi.

Kwa majaribio, rekodi vipimo kila dakika kwa siku nzima. Maji yanayoingia boila za kondensi yakiwa moto kuliko yanayorudi kutoka jengo kwa zaidi ya nyuzi 2, pampu za boila zinasukuma mengi kuliko za jengo na yaliyozidi yanakata kona kurudi. Punguza kasi ya pampu za boila. Kisha weka ndoo chini ya mrija wa kutolea maji ya kondensi. Mita moja ya ujazo ya gesi asilia ikichomwa hutoa takriban lita 1.6 za maji. Hutazipata zote, lakini siku isiyo na baridi kali ndoo ikibaki kavu, rudi kwenye mstari wa joto la nje na uushushe.