Kufunga UPS ya kVA 3 nyumbani: waya kwanza, kompyuta baadaye

Ofisi zikibadilisha vifaa, UPS zao (mashine za betri zinazoshikilia kompyuta umeme ukikatika) za kVA 3, yaani VA 3000, huishia kwenye maduka ya mtumba, mara nyingi kwa sababu betri zimekwisha na si kwa sababu mashine imekufa. Ukiipata moja nzima, inafaa sana nyumbani. Ila si kifaa cha kuchomeka tu kama UPS ndogo ya chini ya meza.

Soma kibandiko cha nyuma na utafute wati, si VA (volti mara ampea). UPS ya VA 3000 inaweza kuwa ya wati 2100, 2400 au 2700, na kikomo chako ni hizo wati. Kisha jumlisha mzigo. Kompyuta ya mezani ya kazi za kawaida hula wati 80 hadi 150, yenye kadi kubwa ya michezo hupita 400, skrini 30, ruta 10 hadi 15, seva ndogo ya mafaili yenye diski nne karibu 50. Kompyuta mbili za kawaida na hivyo vingine vyote havifiki wati 450. Printa ya leza isiwemo: inapopasha moto huvuta wati 800 au zaidi kwa mkupuo. Pasi na birika ndiyo kabisa.

Dakika utakazopata zinatoka kwenye betri. Tuseme ndani kuna betri 8 za volti 12 na Ah (ampea-saa) 9: 8 × 12 × 9 ni Wh (wati-saa) 864. Usizitegemee zote. Hizo Ah 9 hupimwa kwa kumaliza betri polepole, ndani ya saa 20. Ukiimaliza kwa saa moja hutoa karibu asilimia 60 tu, na UPS yenyewe hula sehemu. Zinabaki kama Wh 450, yaani saa moja hivi kwa mzigo wa wati 450, betri zikiwa mpya. Mgao wa saa sita ni kazi ya mfumo mwingine.

Sasa waya. VA 3000 kwa volti 230 ni ampea 13, bado hujaongeza umeme wa kuchaji. Plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi ya ampea 13, na soketi ya ukutani haipendi kubeba kiasi hicho kwa muda mrefu: mdomo wa pini hupata moto, plastiki hugeuka kahawia, mwisho inayeyuka. Mwambie fundi umeme avute laini ya peke yake kutoka kwenye kisanduku cha breka, waya wa mm² 4, breka ya ampea 20 aina ya C, na soketi ya bluu ya ampea 16. Breka ya aina ya B huweza kuruka UPS inapowashwa, kwa sababu ya mvuto mkubwa wa sekunde ile ya kwanza.

Kabla ya kuchomeka, pima soketi kwa mita. Kati ya laini na ethi zisome volti 230 hivi, kati ya nyutro na ethi karibu na sifuri. Ukikuta 230 kati ya nyutro na ethi, nyaya zimepishana. Ethi isipokuwepo, na nyumba nyingi zina tundu la ethi lisilo na kitu nyuma yake, vichujio vya UPS na vya kompyuta havina pa kumwagia umeme wao mdogo. Utausikia kidoleni ukigusa bati la kompyuta.

Na tafadhali, usitengeneze waya wenye plagi pande zote mbili ili urudishe umeme wa UPS kwenye soketi za nyumba. Huo huua.

Betri zishughulikie kwa heshima. Nane zilizofungwa kwa mfuatano ni volti 96 za DC, na zikichajiwa hupita 105. Vua pete na saa, zungushia spana utepe wa umeme, uache kiungo kimoja cha katikati wazi hadi mwisho kabisa. Ukigeuza chanya na hasi, inveta, yaani sehemu inayogeuza umeme wa betri kuwa wa AC, inaungua papo hapo. Cheche ndogo unapochomeka kiungo cha mwisho ni ya kawaida.

Nunua zote kwa pamoja, toleo moja. Betri moja chovu kati ya saba mpya huisha mapema, halafu zile saba huilazimisha kwenda kinyume hadi ivimbe. Kila moja ikiwa imepumzika ipimwe: 12.8 au zaidi ni nzuri, chini ya 12.4 irudishe dukani. Ukimaliza, chaji saa 24 bila mzigo.

Joto ndilo adui wao. Betri ya miaka minne kwenye nyuzi 25 huishi kama miwili kwenye nyuzi 33 au 35, kwa hiyo chumba cha bati Mombasa au Temeke kitakugharimu. Acha nafasi ya sm 20 nyuma, na usiiweke chumba cha kulala. Feni zake hazinyamazi. Wazo la kuifungia betri kubwa za gari nalo liache. Chaja ya ampea moja huhitaji siku nne na zaidi kujaza Ah 100, betri za maji hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, na inveta nyingi hazikupewa ubaridi wa kutosha kufanya kazi saa nyingi.

Ili kompyuta zijizime zenyewe betri zikipungua, kwenye Linux tumia NUT, programu inayosoma hali ya UPS. Kompyuta yenye waya wa USB kutoka UPS iwe MODE=netserver, nyingine netclient; kiendeshi jaribu usbhid-ups, kikikataa nutdrv_qx. Ruta na swichi ya mtandao ziwe kwenye UPS pia, la sivyo ujumbe wa kuzima hauna njia ya kupita. Usingoje alama ya betri kuisha: betri zikizeeka huja dakika moja kabla ya giza. Weka kipima muda cha upssched, programu ndogo ya NUT, kompyuta zizime baada ya dakika 10. Hakikisha pia UPS inaamriwa kukata umeme wake baada ya hapo. Umeme ukirudi kompyuta zikiwa zimeshazima lakini UPS haijakata, zitabaki zimelala hadi mtu abonyeze.

Jaribu kwanza na balbu za zamani za nyuzi, wati 300 hivi, kisha na kompyuta zisizo na kazi wazi. Zima kwa breka, usichomoe plagi: ukichomoa unaondoa na ethi. Kama kompyuta inajizima UPS inapohamia betri ilhali balbu haikupepesa, huenda UPS hiyo hutoa wimbi la ngazi (umeme unaopanda na kushuka kwa vidato badala ya ulaini), na baadhi ya pawasaplai za kisasa hazilikubali; hapo badilisha UPS. Ikikataa umeme wa jenereta, panua kiwango cha masafa kwenye mipangilio, kwa kuwa jenereta ndogo haikai kwenye hezi 50.