Mwaka wa darasa la kwanza: mambo ambayo mzazi anapaswa kuyafuatilia mwenyewe

Wazazi wengi hutumia fedha na mawazo mengi katika sare, viatu na begi la mtoto anayeanza darasa la kwanza, kisha shule zinapofunguliwa Januari hupumua, wakiamini kwamba kazi iliyobaki ni ya mwalimu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi wa Tanzania Bara ambaye mtoto wake anasoma shule ya msingi ya serikali, nao unasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: mwaka huu ndio mwaka wa kujua kusoma, na mzazi mwenyewe, bila kusubiri ripoti ya shule, anapaswa kujua kila mwezi kama mtoto wake anasoma kweli au ananakili tu yaliyoandikwa ubaoni.

Kabla ya Januari

Uandikishaji wa darasa la kwanza kwa kawaida huanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba, nao haulipiwi chochote. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inaweka umri wa kuanza darasa la kwanza kuwa miaka 6, baada ya mwaka mmoja wa elimu ya awali. Wapo wazazi wanaomuwahisha mtoto wa miaka 5 kwa sababu anaimba herufi zote na majirani wanamsifu. Ushauri wangu ni kutofanya hivyo. Kuimba herufi si kusoma, na mtoto ambaye vidole vyake bado havijapata nguvu ya kushika penseli kwa nusu saa ataumaliza mwaka akiwa amechoka na kuichukia shule. Kwa upande mwingine, kuuruka mwaka wa elimu ya awali kwa kuona kwamba watoto huko wanacheza tu ni kumnyima mtoto mazoezi ya kukaa, kusikiliza na kushika penseli ambayo mwalimu wa darasa la kwanza hatakuwa na muda wa kuyaanza upya.

Nenda na cheti cha kuzaliwa kilichotolewa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, na kama bado hujakipata, peleka kadi ya kliniki huku ukiendelea kukifuatilia. Simama pale pale wakati jina linapoandikwa, kisha liangalie herufi kwa herufi. Tofauti kati ya Salum na Salumu, au Mohamed na Mohamedi, huonekana ndogo siku hiyo, lakini jina hilo ndilo litakaloingizwa katika PREM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kutunza kumbukumbu za wanafunzi, na namba ya PREM atakayopewa mtoto ndiyo itakayomfuata akihama shule na akisajiliwa kwa mitihani. Mzazi anayegundua kosa miaka sita baadaye hulazimika kuhangaika katika ofisi kadhaa kwa jambo ambalo lingerekebishwa kwa kufuta na kuandika upya.

Kuhusu fedha, shule za msingi za serikali hazitozi ada, na Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, uliotekelezwa tangu Januari 2016, uliondoa pia michango ya lazima. Kinachobaki mikononi mwa mzazi ni sare, madaftari, penseli, na mara nyingi chakula cha mchana, ambacho wazazi hukubaliana katika mkutano wao, kwa kawaida kwa kutoa mahindi na maharage au fedha. Michango hiyo ni ya hiari, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachangia. Hata hivyo, anayeweza kuchangia chakula achangie, kwa kuwa mtoto wa miaka 6 mwenye njaa saa tano asubuhi hasikii tena anachofundishwa. Vivyo hivyo, asitoke nyumbani bila kunywa uji, hata kama shule iko karibu.

Kusoma, na jinsi ya kujua kama anasoma

Madarasa mawili ya kwanza yamejengwa juu ya stadi tatu za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Msisitizo huo uliwekwa katika mtaala wa mwaka 2015, na mtaala ulioboreshwa, ambao ulianza kutumika Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu, umeendelea nao. Mzazi anayetaka kusaidia nyumbani anapaswa kufahamu kwamba watoto siku hizi hufundishwa sauti ya herufi kabla ya jina lake. Ukimfundisha mtoto kuita herufi m kwa jina la «em», utamchanganya, kwa sababu «em» na «a» hazileti «ma», wakati sauti ya m iliyovutwa kidogo midomo ikiwa imefungwa, ikifuatwa na a, humfikisha kwenye «ma» bila taabu. Irabu tano huja kwanza, kisha konsonanti moja baada ya nyingine ikiunganishwa na kila irabu, halafu maneno kama baba, meza na kalamu, na baadaye herufi mwambatano kama mb, nd, ch, ny na ng. Tofauti ya ng na ng' huwasumbua watoto wengi, hivyo usishtuke mtoto akisoma ng'ombe kama ngombe.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na kwa sababu hiyo mtoto aliyezishika silabi hahitaji miaka mingi kabla ya kusoma neno lolote. Kipimo ninachokishauri ni hiki: kufikia likizo ya Juni awe anasoma bila msaada maneno ya silabi mbili na tatu yasiyo na herufi mwambatano, na kufikia Desemba awe anasoma sentensi fupi na kukueleza kwa maneno yake ilikuwa inasema nini.

Daftari peke yake halitakuambia kama amefika hapo. Katika darasa lenye watoto themanini au zaidi ya mia, mwalimu akipitia madaftari huweza kuona kama kazi imefanyika, lakini hana dakika tano za kumsikiliza kila mtoto kila siku. Matokeo yake ni kwamba mtoto mwenye macho mazuri na mkono mwepesi anaweza kunakili ubao mzima, akapata tiki nyekundu kila ukurasa, na asijue kusoma hata neno moja. Fungua daftari lake siku ya Ijumaa, weka kidole chini ya neno «anakula» katika sentensi aliyoiandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri, umuulize hapo pameandikwa nini. Akianza kuisema sentensi yote tangu mwanzo ili afike kwenye neno hilo, ameikariri.

Kitabu nacho kina mtego wake. Mtoto hutazama picha ya embe akasema «embe», au husikia wenzake wakisoma kwa pamoja mpaka ukurasa wote unaingia kichwani, na anaweza kukusomea huku akitazama mlangoni. Funika picha kwa kiganja, kisha chukua karatasi uandike neno analolijua, kwa mfano kalamu, na chini yake uandike makalu, halafu lakamu. Maneno hayo mawili ya chini hayana maana yoyote, na hilo ndilo kusudi lake, kwani mtoto anayesoma silabi atayatamka huku akicheka, na mtoto anayekisia atasema «kalamu» mara tatu. Zoezi hili halichukui dakika mbili, na kwa maoni yangu linakueleza mengi kuliko nafasi aliyoshika darasani.

Ukigundua kwamba anakisia, usimpige wala usimlinganishe na mtoto wa jirani. Rudi kwenye silabi ambazo hazijui, na kaa naye dakika 15 kila jioni kabla hajasinzia, kwani muda mfupi wa kila siku humfaa mtoto wa umri huu kuliko saa mbili za Jumapili. Kama hamna vitabu nyumbani, yapo maandishi kwenye pakiti ya unga, kibao cha duka, ubavu wa daladala na kanga ya mama. Kanga, hata hivyo, huandikwa kwa herufi kubwa, na mtoto huyu pengine amezizoea herufi ndogo, hivyo mnakilie maneno yake kwa herufi ndogo kwanza, kisha mwonyeshe yalivyo kwenye kanga. Mzazi asiyejua kusoma naye ana nafasi yake: amwambie mtoto amsomee kila siku, na kama kuna kaka au dada mkubwa, akae karibu kuhakikisha kinachosomwa ndicho kilichoandikwa.

Watoto wanaozungumza lugha nyingine nyumbani, iwe Kisukuma, Kigogo au Kimasai, wana mzigo wa ziada, kwa kuwa wanajifunza kusoma na wakati huo huo wanajifunza lugha ya kusomea. Hakuna haja ya kuiacha lugha ya nyumbani, lakini mpe nafasi ya kusikia na kusema Kiswahili kila siku, na umweleze mwalimu hali ilivyo. Mtoto anayeandika «kurara» badala ya «kulala» kwa sababu nyumbani l na r hazitofautishwi hana upungufu wa akili, bali anaandika anachokisikia. Kiingereza nacho sasa ni somo kuanzia darasa la kwanza. Usikikimbilie kabla Kiswahili hakijashika, maana aliyekwisha kuelewa kwamba herufi huungana kuwa neno hahitaji kulijifunza hilo mara ya pili. Tuisheni ya jioni kwa mtoto wa darasa la kwanza mimi siioni haja yake.

Kuandika na kuhesabu

Katika kuhesabu, mtego ni ule ule wa kukariri: mtoto anaimba moja hadi mia, lakini ukimtuma alete vizibo saba vya soda analeta tisa. Mpe vizibo au maharage ayaguse wakati wa kuhesabu, mfunge naye vijiti katika mafungu ya kumi ili aelewe kwa nini 14 huandikwa kwa moja na nne, na umshirikishe katika kuhesabu chenji ya dukani. Katika kuandika, mwache mtoto anayetumia mkono wa kushoto aendelee kuutumia, na kama anakatazwa shuleni, zungumza na mwalimu mapema.

Afya, njia na nidhamu

Mtoto anayekaribia sana daftari, anayekunja uso akitazama ubao, anayetokwa usaha masikioni au asiyejibu akiitwa kutoka nyuma apelekwe kituo cha afya kabla ya kuitwa mvivu, na wakati mnasubiri matibabu, mwalimu aombwe amketishe mbele. Itembee njia ya shule pamoja naye katika wiki ya kwanza, mwonyeshe mahali pa kuvuka barabara, na mkabidhi kwa mwanafunzi mkubwa wa mtaa huo huo. Watoto wa darasa la kwanza mara nyingi hutoka mapema kuliko wenzao, hivyo fahamu saa yao ya kutoka na uhakikishe kuna mtu anayempokea.

Kuhusu viboko, kanuni za mwaka 2002 zinamruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, kutoa viboko visivyozidi vinne, tena kwa kosa kubwa, na adhabu hiyo lazima iandikwe katika kitabu maalumu. Kumchapa mtoto kwa kushindwa kusoma neno ni kinyume cha utaratibu huo. Jambo kama hilo likitokea, anza kwa mwalimu mkuu kwa utulivu, kisha kamati ya shule, kisha Afisa Elimu Kata. Kwa ukatili wa aina yoyote, nyumbani au shuleni, Huduma ya Simu kwa Mtoto hupatikana bure kwa namba 116.

Kuzungumza na mwalimu

Usimfuate mwalimu wa darasa katika wiki ya kwanza ya Januari, wakati bado anatafuta madawati na majina. Nenda mwishoni mwa Februari, baada ya vipindi, ukiwa na daftari la mtoto mkononi. Swali la jumla, kama mwanangu anaendeleaje, huleta jibu la jumla. Uliza anazijua silabi zipi na hazijui zipi, na ni lini mara ya mwisho alisoma kwa sauti peke yake. Mwalimu akiona kwamba unauliza ili usaidie nyumbani, atakuonyesha pa kuanzia. Hudhuria pia mikutano ya wazazi, hata ile inayoonekana ni ya kuchangishana tu, kwa kuwa humo ndimo mzazi anapoweza kuuliza vitabu vya darasa la kwanza viko vingapi na watoto wangapi wanashirikiana kitabu kimoja.

Likizo fupi ya Septemba ndiyo wakati wa kuamua. Kama hadi hapo mtoto hasomi maneno ya silabi mbili, mwambie mwalimu waziwazi, ombeni pamoja mpango wa kumrudisha kwenye silabi, na muda uliobaki wa mwaka uwe wa kusoma kabla ya kitu kingine chochote, likizo ya Desemba ikiwemo. Mwishoni mwa darasa la pili watoto hufanyiwa upimaji wa kitaifa wa KKK, na darasa la tatu huleta masomo ambayo mwalimu huyafundisha akichukulia kwamba kila mtoto aliyeketi mbele yake anaweza kusoma swali lililoandikwa ubaoni.