Ultrasaundi ya mapacha: anza na kondo

Ukikuta mapacha kwenye skrini, mambo ya jinsia yaache kwanza. Kinachotakiwa kujulikana mapema ni kama kila mtoto ana kondo lake la nyuma au wanachangia moja, maana ratiba yote ya vipimo inategemea hapo.

Muda mzuri ni wiki ya 11 hadi wiki 13 na siku 6. Fuata utando unaowatenganisha mpaka unapogusa kondo. Nyama ya kondo ikiwa imepenya kati ya tabaka za utando kama kabari (λ), makondo ni mawili. Utando mwembamba ukitua wima kama T, kondo ni moja. Hifadhi picha ya hapohapo, kwani kabari hufifia mimba inavyokua. Makondo mawili yaliyobanana huonekana kama moja, kwa hiyo usihesabu kwa macho tu. Ukishindwa kuamua, mhudumie mama kama mwenye kondo moja.

Umri wa mimba upime kwa mtoto aliye mrefu zaidi, kichwa hadi matako. Waandike kwa mahali walipo, kulia au kushoto, juu au chini. "A" na "B" peke yake huchanganywa ziara ijayo.

Wenye makondo mawili, baada ya kipimo cha viungo cha wiki ya 20 hivi, hurudi kila wiki 4. Wenye kondo moja ni kila wiki 2 kuanzia wiki ya 16, na hapa hakuna kulegeza: mishipa inayounganisha watoto ndani ya kondo inaweza kumnyima mmoja damu na kumzidishia mwenzake. Pima wima mfuko wa maji wenye kina kirefu zaidi kwa kila mtoto, pasipo kiungamwana (kamba ya kitovu) wala viungo. Sentimita 2 au chini kwa mmoja, na 8 au zaidi kwa mwingine kabla ya wiki ya 20 (10 baada ya hapo), ni rufaa ya haraka. Tazama pia kibofu cha mwenye maji machache.

Kosa la kawaida ni kupima maji ya jirani. Aliyeishiwa maji hufunikwa na utando wake kama nailoni, nao hauonekani ukilala sambamba na mawimbi. Hamisha proba (kifaa kinachoshikwa tumboni mwa mama) uutazame kwa ubavu, kisha mgeuze mama alale upande: mtoto aliyebanwa hubaki ameng'ang'ania ukutani.

Uzito wa watoto: toa mdogo kutoka kwa mkubwa, gawa jibu kwa mkubwa, zidisha kwa 100. Gramu 1,200 na 900 ni tofauti ya asilimia 25. Tofauti ikifika hapo, pima Dopla (mtiririko wa damu) ya kiungamwana na umpe mama rufaa.